Jiwe la Nzambani na Sanamu ya Ziwani

Mwana wa Kitui aliyejaliwa kusomea Hyderabad, nchini India, aghalabu hupelekwa na wenyeji wake kuitazama sanamu ya Buddha iliyosimama katika ziwa Hussain Sagar, katikati ya jiji. Hupanda mashua kwenye bustani ya Lumbini, akavuka maji, akashukia kwenye mwamba ulioibeba sanamu hiyo. Kimo chake ni mita 18 hivi, uzani wake unapita tani 300, nayo ilichongwa kutokana na jiwe moja la graniti. Ainuapo shingo kuitazama, si ajabu akakumbuka jiwe jingine aliloliinulia shingo tangu utotoni: Jiwe la Nzambani, lililo karibu na mji wa Kitui.

Mlinganisho huo si wa ukubwa, bali ni wa kumbukumbu. Sanamu ya Hyderabad ina historia ya msiba. Mnamo Machi 1990, ilipokuwa ikivushwa kwa tishari, ilitumbukia ziwani na wafanyakazi kadhaa wakafa maji. Ililala chini ya maji kwa zaidi ya miaka miwili, hadi ilipoopolewa na kusimamishwa mnamo Desemba 1992. Habari hizo zimeandikwa. Hata mgeni wa siku moja aweza kurudi nazo kwao.

Nzambani, kwa upande wake, halikuchongwa na mkono wa mtu. Ngazi ya chuma imewekwa ubavuni ili wageni wapande, watazame nchi ya Ukambani ilivyotandaa. Wengi huja na neno moja tu: kwamba alizungukaye mara saba hubadilika jinsia. Hucheka, hupiga picha, huenda zao. Nyuma ya mzaha huo kuna kisaasili cha msichana aliyegeuka jiwe, kinachosimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Kwa nini awe msichana? Kwa nini mara saba? Kubadilika huko kulikuwa onyo, adhabu au tumaini? Maswali haya ndiyo moyo wa fasihi simulizi, nayo hayajibiwi na ngazi.

Mfano wa kumbukumbu iliyotunzwa uko karibu pia, katika Makueni. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, lilijengwa mwaka 1926 na waumini waliofanya kazi kwenye reli. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo, na akihitaji, mahali pa kulala. Hapo hadithi haikuachiwa kuta peke yake. Hupakuliwa pamoja na chakula, na alaye huuliza sababu ya ukarimu huo, akaelezwa.

Nani basi ataeleza sababu ya Nzambani? Wanaokijua kisaasili hicho kwa kina ni wazee, nao hukisimulia kwa Kikamba. Wajukuu wao husomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na wengi huishi mijini. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hadithi ni mali ya aina hiyo.

Hata hivyo, kuandika nako kuna hatari yake. Mchongaji akiisha kulipa jiwe uso mmoja, nyuso nyingine zote zilizowezekana hutoweka. Vivyo hivyo, mtafiti akichapisha namna moja ya kisaasili na kuiita sahihi, atakuwa amewanyamazisha wasimulizi wengine. Lililo bora ni kurekodi namna zote zipatikanazo, maneno ya Kikamba yakitangulia na tafsiri ya Kiswahili ikifuata, huku msimulizi akitambuliwa kwa ridhaa yake.

Kazi hiyo inawaangukia wanafunzi wa Kiswahili, hasa waliozaliwa Kitui na Makueni, kwa kuwa wanazo lugha zote mbili. Wengi wao wamekwisha kuhakiki tenzi za pwani kwa ufasaha. Mbinu zizo hizo zawafaa nyumbani. Sanamu iliyozama iliopolewa kwa kuwa mahali ilipolala palijulikana. Hadithi ikizama pamoja na mzee aliyeijua, hakuna atakayejua pa kupiga mbizi. Nzambani litabaki limesimama, wageni watalizunguka mara saba, na hakuna atakayejua kwa nini si sita.