Sikio la Kushoto

Lamu, Jumamosi, 18 Januari 2025

Kaskazi hii mashua zinarudi zimejaa, na paka wa sokoni wameshiba. Ndiyo taabu ya kuwanasa msimu huu, maana paka aliyeshiba hausogelei mtego. Daktari wa mifugo atakuwa nasi Jumanne kuwafunga kizazi. Nimewapitia wachuuzi wa samaki pale kando ya Ngome, nikawaomba kuanzia Jumatatu alasiri wasitupe matumbo wala vichwa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, watuambia tuwafunge paka njaa? Si dhambi hiyo?" Nilifurahi kuulizwa. Hapa Lamu hakuna asiyejua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha. Nikamweleza kuwa ni usiku mmoja tu, na kwamba paka akilazwa kwa nusukaputi na chakula kimo tumboni, anaweza kutapika na matapishi yakamwingia mapafuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wenzake atawasimamia yeye mwenyewe.

Jumatatu, 20 Januari

Jirani wa kichochoro cha nyuma ameleta tena maneno ya sumu. Simlaumu kwa kukosa usingizi. Madume wakipigana juu ya paa usiku kucha, mwenye mtoto mchanga hapumziki. Lakini sumu imewahi kutumika mtaa wa pili na sote tuliona. Paka walikufa kwa mateso barazani mwa watu, na kabla mwaka haujaisha pakajaa paka wapya. Chakula kilikuwa palepale, nafasi iko wazi, kwa nini wasije? Na hao waliokuja hawakuwa wamechanjwa wala kuhasiwa.

Nilimkumbusha kuwa kumlisha mnyama sumu ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ila naona hesabu ya uzazi ndiyo iliyomgusa. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Huibeba wiki tisa hivi, na anaweza kupata nyingine kabla hajawaachisha ziwa wa kwanza. Ukimuua, umempisha mwingine aje kuzaa mahali pake. Ukimfunga kizazi, mahali pake anapashika mwenyewe na hazai.

Amesema atasubiri aone. Kwangu hilo latosha.

Jumanne, 21 Januari

Nimechoka, lakini silali kabla sijaandika.

Yule wa rangi tatu ameingia! Ndiye niliyemtaka kuliko wote. Paka wa rangi tatu karibu siku zote huwa jike, na huyu amezaa na kuzaa chini ya ngazi za ile nyumba iliyobomoka. Tuliweka samaki wa kopo mwisho wa mtego. Aliuzunguka, akakaa, akajilamba kana kwamba hana haja. Kisha shingo ikaingia, mabega yakafuata, mguu wa mbele ukakanyaga kibati, na mlango ukaanguka nyuma yake. Akajirusha kwenye waya kwa nguvu zake zote mpaka tukamfunika kanga. Giza likamtuliza papo hapo. Wanafunzi wangu wawili wakambeba hadi kliniki, wakiwapisha punda, wakiwakemea wenzao waliotaka kufunua wachungulie.

Mezani daktari alinyoa kiraka cha manyoya, akapaka dawa, akapasua mahali pafupi kuliko kidole changu cha mwisho. Akavuta tumbo la uzazi taratibu, nalo lilikuwa vijineli viwili vya waridi vilivyoungana chini. Safari hii hamkuwa na kitu. Akashona ndani, akashona nje, akampa chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Mwisho, paka angali amelala, akaibana ncha ya sikio la kushoto na kuikata mstari mnyoofu, kiasi cha sentimita moja. Wapo wanaoona huo ni ukatili. Mimi naona ni huruma. Paka shume hashikiki, na bila alama ya kuonekana kwa mbali, mwaka ujao angenaswa tena, alazwe tena, apasuliwe tumbo kutafutwa kisichokuwemo.

Alhamisi, 23 Januari

Madume walirudi mitaani jana. Majike tuliwaweka hadi leo ili tuitazame mishono. Nilipomfungulia wa rangi tatu, Bi mkubwa wa nyumba ya pembeni alikuwa dakani. "Mwanangu, mwamkata kisha mwamtupa njiani? Mbona hamumtafutii nyumba?"

"Bi, hapa ndipo kwao," nikamjibu. Paka mzima ambaye hajaguswa na mkono wa mtu tangu azaliwe, ukimfungia chumbani atajificha chini ya kitanda, akatae chakula, augue. Nyumba kwake ni kifungo. Anachohitaji ni maji safi, chakula kwa saa moja inayojulikana, na jicho la mtu atakayegundua akichechemea. Bi amekubali kuweka bakuli la maji. Mchuuzi wetu ataleta vichwa vya samaki jioni, na mabaki yatafagiliwa kabla ya Isha, kwa sababu malalamiko mengi ya majirani huanza na harufu ya samaki aliyeoza.

Jumapili, 2 Februari

Watoto wa paka habari yao nyingine. Seremala amekuta watatu nyuma ya mbao zake, wana wiki tano hivi. Mtoto wa paka huizoea mikono ya watu tangu wiki ya pili hadi ya saba. Ikipita hapo, kila wiki inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo wako kwangu jikoni. Nawafunga taulo, nawalisha kwa kidole, mara nyingi kwa muda mfupi mfupi. Mweusi bado ananifyonya na kutoa kucha, lakini leo alilala juu ya goti langu mpaka ganzi ikanishika na sikutaka kuinuka.

Jambo la kuwaambia wote watakaowachukua: maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na Panadol humuua paka, hata kipande cha kidonge. Watu humpa kwa nia njema akiwa na homa.

Mama mmoja amekuja kumtaka mweupe. Nikamuuliza nani atamlisha wakisafiri, na kama atakubali afungwe kizazi akifika umri. La pili limemkwaza. Nimemwomba afikirie, simtoi kwa asiyeafiki hilo, hata akinuna.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala mzee mmoja alinisimamisha. Kuhasi mnyama asiyeliwa, alisema, sivyo tulivyofunzwa. Anasema kwa elimu na namheshimu. Tukamwendea Maalim. Yeye akasema wanavyuoni hawakukubaliana katika hili, na walioruhusu waliangalia manufaa na kuepusha madhara. Akamtaja Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Mzee hakubadili rai yake. Ila alisema sumu ni haramu bila ya shaka, na kwamba atakayeiweka mtaani kwake atamkabili yeye. Sikutarajia kupata mlinzi wa namna hiyo.

Mama wa mweupe amerudi, amekubali.

Daktari atarudi baada ya Idi. Fedha za dawa tulizo nazo hazitoshi paka wote wa upande wa Langoni, kwa hiyo tutaanza na majike.