Kumbi na Gunzi

Ogwedhi, Alhamisi

Shawa ya humu inatema maji upande. Matundu ya katikati yamezibwa na kitu cheupe, kigumu kama jino, na yale mawili matatu yaliyobaki wazi yanaosha ukuta badala ya kichwa. Kila nikitoka kuoga, mwenyeji wangu ananiomba radhi. Tulisoma naye chuo kimoja. Jumamosi wanakuja wageni wa ayie, watu wa upande wa kijana anayemposa mdogo wake, na katika yote yanayongoja kufanywa, nyama, hema, viti vya kukodi, kinachomkosesha usingizi ni bafu.

Nimetoka Lamu kwa mabasi mawili na matatu moja, ile inayotoka Migori mjini kuelekea Lolgorian. Ogwedhi ni soko la mpakani: huku Wajaluo, kule Wamaasai, ng'ombe katikati. Nilikuja nikidhani nitaandika juu ya ng'ombe.

Bibi wa nyumba hii, wote tunamwita dani, haoni ajabu yoyote kwenye shawa. "Hayo ni maji ya kisima, nyathina. Maji ya mvua yanaipenda sabuni, ya kisima yanaikataa." Akanionyesha. Beseni la maji ya tangi lililo chini ya mabati lilijaa povu kwa kuzungusha kipande cha sabuni mara mbili tu. La kisima likatoa utando wa kijivu, kama maziwa yaliyokatika.

Ndivyo ilivyo hasa. Maji yanayokaa ardhini huyeyusha chokaa ya miamba na kutembea nayo. Yakipashwa moto, kama yanavyopashwa ndani ya shawa ya umeme, chokaa huyaacha maji ikaganda matunduni. Ikikutana na sabuni, hushikana nayo, na mshikamano huo ndio ule utelezi mzito ulio kwenye vigae, tunaousingizia uchafu wa miili yetu. Mwenyeji wangu amekuwa akiusugua kwa sabuni zaidi. Ni sawa na kumlisha mbwa unayetaka aondoke.

Ijumaa asubuhi

Kwetu mambo ni kinyume kidogo. Nyumba kongwe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilitokana na matumbawe hayohayo kuchomwa. Bafuni mna birika, hodhi la maji lenye kimo cha kiuno, unateka kwa kata na kujimwagia pembeni. Ndani ya birika wanafugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, sakafuni mwa birika, mafundi wa zamani walipachika bakuli la kaure kutoka Uchina: maji yakipungua au yakitolewa, samaki wanakimbilia humo wakasubiri. Utotoni kazi yangu siku ya kuosha birika ilikuwa kulichunga bakuli hilo wakati dada zangu wanasugua kuta kwa kumbi la nazi na fagio la chelewa. Hapana sabuni, hapana dawa. Samaki wangekufa.

Wala hapana ndimu. Siku moja niliacha ganda la ndimu limelala juu ya ukingo wa birika usiku kucha. Asubuhi palikuwa na alama ya mwezi, imekwaruzika, haikutoka tena. Bibi hakunipiga, alinipeleka kuigusa kila nilipotaka kubisha jambo lolote, miaka na miaka.

Hivyo nilipoona ganda jeupe la shawa ya Ogwedhi nilijua dawa yake: ni chokaa ileile, ila huku ni adui na kwetu ni ukuta. Kinachokula kimoja kinakula na kingine. Nilimwomba mwenyeji anunue siki, chupa mbili za bei rahisi kabisa.

Yeye alikuwa tayari amenunua Jik na dawa kali ya choo, zote mbili, akitaka kumwaga kwa pamoja "zisaidiane." Nikamshika mkono. Mimi nimewahi kufanya hivyo, Mombasa, katika chumba cha kupanga chenye dirisha la ukubwa wa daftari. Dawa za choo za aina hiyo zina asidi, na Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliifungulia upepo kule Ypres mwezi wa Aprili 1915. Nilitoka kwa magoti. Nilikohoa siku mbili, na jirani akasambaza habari kwamba nina kifua kikuu. Siki nayo ni asidi, haichanganywi na Jik hata kidogo. Tukaifungia chupa ya Jik kabatini.

Ijumaa mchana

Tulizima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Tukafungua uso wa shawa, tukautumbukiza ndani ya mfuko wa plastiki wenye siki, tukaufunga kwa mpira na kuutundika kwenye msumari. Papo hapo vikaanza kupanda viputo vidogo sana, kwa mistari, kama soda. Watoto wa nyumba walikuja kutazama mmoja mmoja hadi wakajaa mlangoni. Baada ya saa mbili vipande vyeupe vilikuwa vimezama chini ya mfuko, na matundu yaliyosalia tukayazibua kwa sindano ya kushonea.

Vigae vilipakwa siki kwa kitambaa, vikaachwa robo saa, utelezi ukatoka kwa kifutio cha mpira. Sakafu ni saruji tupu, na saruji nayo ina chokaa. Pale penye dawa ya choo iliyokuwa ikimwagwa kila wiki, uso umeshalika, unaacha mchanga kwenye wayo. Hapo dani akaingia kazini bila kuombwa. Alikuja na majivu aliyoyachekecha na magunzi manne. Majivu hayali saruji, na mafuta yanayaogopa. Alipiga magoti akasugua kwa miduara midogo, gunzi likilika analitupa na kuchukua jingine. Nikamweleza habari ya kumbi. Alilitaka aone. Sikuwa nalo, nilimchorea kwenye daftari, naye akasema linafanana na panya.

Weusi wa kuvu kati ya vigae ulibaki. Hapo ndipo Jik ilipotoka kabatini, peke yake, imezimuliwa kwa maji, dirisha na mlango wazi, baada ya siki yote kusuuzwa. Jioni bafu lilikuwa na harufu ya zahanati. Mwenyeji alisimama chini ya shawa na nguo zake, akacheka.

Jumapili

Wageni walifika jana saa nane, wamechelewa kama ilivyotarajiwa. Walinawa mikono uani kwenye jerikeni yenye bomba. Nilipomwelekeza mmoja wao, mzee wa makamo, kule bafuni, mwenyeji alinivuta kanga. Mkwe haingii bafu la mama mkwe. Wao wametengewa choo cha nje, nyuma ya zizi, kilichofagiliwa tu.

"Basi tuliosha kwa ajili ya nani?"

"Wangeuliza," akasema.

Leo alfajiri nimeamshwa na mlio wa maji. Nilidhani dani anaijaribu shawa. Nilichungulia dirishani: anapita uani na beseni la maji ya mvua, sabuni juu ya bega ndani ya kitambaa, anaelekea kwenye bafu lake la mabati lisilo na paa. Gunzi lipo mkononi.