Roho Ikishatulia: Mwezi wa Nne wa Mimba, Bukoba na Muleba



Sisi wawili ni ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja, na sote tumeolewa Kagera: mmoja Bukoba mjini, mwingine Muleba. Mwenyezi Mungu akatujaalia mimba zilizopishana wiki tatu tu. Mabibi harusi wetu wa mwaka huu wanatuuliza mwezi wa nne ukoje, basi tunawaeleza kama tulivyouona.

Kwanza, roho huacha kuchafuka. Kwetu ilikuwa wiki ya 13 na ya 14. Harufu ya ndizi zinazochemka, iliyokuwa ikitukimbiza mpaka uani, asubuhi moja ikawa harufu ya chakula. Tukala matoke kwa maharage, tukala sato, tukaomba tena. Si kila mtu hupata nafuu mapema hivyo, lakini anayetapika hata maji hayakai tumboni asingoje, aende hospitali.

Mfuko wa uzazi nao hupanda kutoka kwenye nyonga, kwa hiyo safari za chooni hupungua kidogo na tumbo huanza kutokeza. Baibui litaficha mwezi mmoja zaidi. Kuinuka kwa haraka kutoka kwenye sijida kulituvuta kinena mpaka tukashtuka, kumbe ni kano zinazoshika mfuko wa uzazi zinatanuka. Tukajifunza kuinuka polepole. Fizi zilitoka damu tukipiga mswaki, pua zikaziba bila mafua. Mtoto kucheza usimtafute bado. Mimba ya kwanza wengi humsikia kuanzia wiki ya 18 mpaka ya 20.

Na kahawa! Huku mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na kukataa si adabu. Mjamzito anatakiwa apunguze kahawa, kwa hivyo tulikuwa tunapokea, tunatafuna punje moja, zilizobaki tunazifunga kwenye ncha ya mtandio. Mama mkwe mmoja alituona akacheka tu.

Sasa tuseme lililotufanya tuandike. Kwetu mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa jicho. Wa Bukoba alikwenda kliniki wiki ya 14, kimya kimya, na mumewe. Wa Muleba akasema atakwenda tumbo likishaonekana lenyewe. Wiki ya 17 akashikwa na homa. Akadhani ni uchovu wa mimba, akanywa maji ya ndimu, akalala. Siku ya tatu hakuweza kusimama kusali. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, akipakatwa katikati ya dereva na mumewe. Malaria, na damu imeshuka. Akaongezewa chupa moja. Sisi tulishikana mikono usiku kucha, na mtu hajui aombe lipi kwanza, mama au mtoto.

Unguja tulikokulia malaria imepungua sana, na tulihamia Kagera na mazoea yetu ya Unguja. Chandarua tulichopewa harusini kilikuwa bado kwenye mfuko wake, sandukuni. Na Muleba ndiko kulikofanyika utafiti mkubwa wa vyandarua, uliochapishwa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa PBO, kiambato kinachowadhoofisha mbu waliozoea dawa, vinazuia malaria zaidi ya vile vya kawaida. Dunia nzima imejifunza kwa Muleba, sisi tuliokuwa tunalala hapo hapo hatukufungua sanduku.

Mwezi wa nne una jambo lake hasa: ndipo dawa ya SP ya kukinga malaria huanza. Miezi mitatu ya mwanzo haitolewi. Ni vidonge vitatu, unavimeza pale pale mbele ya muuguzi, kisha unarudia kila baada ya mwezi au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Mwenye mzio wa dawa za salfa, au anayetumia Septrin kila siku, amwambie muuguzi kabla. Siku hiyo hiyo wa Bukoba alipimwa presha, damu, kaswende na VVU, akapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Aliyesubiri tumbo lionekane alikosa yote hayo.

Shoga, kliniki si kutangaza. Muuguzi hakuita mtaa. Falaq na Ayatul Kursiy tulizisoma sote wawili, aliyekwenda na asiyekwenda. Homa, damu, maji kutoka, kichwa kuuma sana au tumbo kukaza ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mnauliza pia kuhusu siku 120, mtoto anapopuliziwa roho. Kliniki huhesabu kuanzia hedhi ya mwisho, kwa hivyo siku hizo hutimia kama wiki ya 19 ya kadi yako. Wa Muleba alizitimiza akiwa ameshatoka wodini, amelala kwa mama mkwe, ndani ya chandarua. Usiku ule hatukuwa na maneno mengi. Tulisali rakaa mbili, kila mmoja kwake.

Wa Bukoba alizaa wa kilo 3.1. Wa Muleba alizaliwa na kilo 2.2, akakaa kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, wiki mbili. Sasa anawakimbiza kuku migombani na hataki kuvaa viatu.