Kitufe Kilichonata

Udogo wa kitu si kipimo cha haja yake. Chembe moja ya mchanga ndani ya jicho humzuia mtu kuona bahari, na tone la chai ndani ya kibodi huweza kumzuia kutoa mawazo aliyoyakusanya kwa miaka. Hayo yalimpata mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa akiandika tasnifu yake kwa Kiswahili katika kompyuta ya mpakato. Zilisalia siku tisa aikabidhi, kitufe cha herufi A kikaanza kunata.

Kama kingalinata kitufe cha Q au cha X, pengine asingalitambua kwa mwaka mzima, maana maneno ya Kiswahili hayana haja ya herufi hizo. Lakini A ni chumvi ya lugha hii. Imo katika mama na baba, imo katika haya na adabu. Mara kitufe kilikataa kushuka. Mara kilishuka kikakataa kupanda, kikamwaga safu ndefu ya herufi moja. Mwanafunzi akaanza kukwepa. Alichagua maneno yenye A chache, akafupisha sentensi, akaacha mifano. Usiku alipoisoma kazi yake aliona aibu. Fikira zile hazikuwa zake tena. Zilikuwa zile zilizoruhusiwa na kitufe.

Hasira ikamshika, akatwaa kisu ili akibandue. Mwenzake wa chumbani, aliyepata kujifunza kazi kwa fundi, akamshika mkono.

"Ndugu yangu," alisema, "unampasua mgonjwa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi?"

Katika mashine ya chapa ya zamani, mikono ya herufi iliponasana, mwandishi aliiona kwa macho akaitenganisha kwa kidole. Katika kompyuta ya mpakato maradhi yamefichwa. Chini ya kitufe, kwa kawaida, mna vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na katikati yake kikombe kidogo cha mpira. Kidole kikibonyeza, kikombe hubonyea, na njia za umeme zilizo chini yake hukutana. Kidole kikiondoka, kikombe hujiinua na kukirudisha kitufe juu. Kisu kikikosea, vishikizo vya mkasi ule hukatika, na kitufe kilichonata huwa kitufe kilichokufa.

Basi mwenzake alianza kwa lililo jepesi. Aliunganisha kibodi nyingine ya nje, akapiga A, ikaandika vyema. Ikadhihirika kuwa programu haina kosa; kasoro imo katika kitufe.

"Ulimwaga nini hapa?"

Mwanafunzi aliinamisha kichwa. Ilikuwa chai ya maziwa, juma lililopita. Aliifuta kwa juu, akadhani yamekwisha. Maji yalikuwa yamekauka, lakini sukari ilibaki ikageuka gundi.

Waliizima kompyuta, wakachomoa waya wa umeme, wakaiinamisha ili taka zianguke. Kisha walilowesha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70, wakaikamua isidondoke, wakaipitisha kingoni mwa kitufe huku wakikibonyeza taratibu. Maji yaliyomo katika spiriti hiyo huyeyusha sukari, na spiriti yenyewe hukauka upesi. Walirudia mara tatu, wakaiacha kompyuta usiku kucha bila ya kuiwasha. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, kwa kuwa mtu mwenye siku tisa huona usiku mmoja kuwa mali nyingi.

Asubuhi kitufe kilishuka na kupanda kama vingine. Kama kisingalipona, ingalibidi kununua kibodi mpya na kumlipa fundi aiweke.

Mwanafunzi hakuendelea mbele siku ile. Alirudi nyuma katika kurasa alizoziandika kwa kukwepa, akairejesha mifano aliyoiacha na sentensi alizozikata. Kazi hiyo ilimla siku mbili, nayo ilikuwa ndefu kuliko kusafisha kitufe. Chombo kibovu hutengenezeka kwa pamba na subira. Lakini akili iliyozoea kuupisha ubovu haitengenezeki mpaka mwenyewe akumbuke alichokuwa anataka kusema.