Hela ya Mjerumani chini ya vifuniko vya soda



Mwaka jana jirani yangu hapa Kibaoni aliazima mashine ya kutafutia madini, tukapima kiwanja cha marehemu babu yake, palipokuwa na duka. Ililia kila hatua: misumari, vifuniko vya soda, vipande vya bati. Nilitaka kuondoka. Yeye akapunguza mwendo, akapitisha mashine kutoka upande mmoja, kisha akaikatiza kutoka upande wa pili, maana msumari huificha sarafu iliyo karibu yake. Palipolia vizuri pande zote mbili ndipo tukachimba. Ikatoka hela moja ya shaba, ya mwaka 1912. Neno letu "hela" limetoka huko. Rupia moja ya Mjerumani ilikuwa hela 100.

Kosa nililifanya mimi. Niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa. Mnunuzi akaigeuza mara moja, akairudisha: "Mmeiharibu." Jirani hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo omba ruhusa ya mwenye eneo, usisugue sarafu, fukia shimo ng'ombe asivunjike mguu. Na usiuze mpunga wa chakula ili ununue mashine.