Kibuyu Hakisahau

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii ilimtazama mgema na udhaifu wake wa kupenda sifa. Kibuyu chake haikukitazama. Nami, katika vijiji vya delta ya Rufiji, nimejifunza kwamba ubora wa tembo huanza kuamuliwa na chombo kabla mgema hajapanda mnazi.

Utomvu udondokao kutoka karara lililokatwa ncha ni mtamu, lakini haukawii kugeuka. Hamira ya asili, ikaayo hewani na katika nyufa za kibuyu kikuukuu, huushika papo hapo. Kwa saa chache huwa tembo. Ukiachwa siku kadhaa huelekea kuwa siki. Mwaka 1857 Louis Pasteur alipoanza kueleza kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, wagema walikuwa wakivitumikisha viumbe hivyo tangu zama na dahari.

Kwa hiyo kibuyu cha zamani hakioshwi ovyo. Mgema mmoja wa upande wa Nyamisati alinieleza kuwa yeye hutia maji ya moto na changarawe, akakitikisa mpaka ukoko wa ndani ubanduke. Hukisuuza mara nyingi, akakianika juani, kisha akakifukiza moshi. "Unuse mdomo wake, bwana," aliniambia. "Kikinuka siki, rudia."

Hadhari ya chombo kinachokumbuka si ngeni kwetu. Hadithi zatueleza kwamba ujumbe wa Abdul-Qays ulipofika kwa Mtume (s.a.w.), ulikatazwa kuloweka tende katika vibuyu na katika mitungi iliyopakwa lami, vyombo ambavyo huharakisha uchachu. Baadaye vyombo viliruhusiwa. Kileo kikabaki haramu. Nafahamu hapo kwamba kibuyu chenyewe hakina dhambi, na kwamba kinaweza kutakasika.

Je, kila chombo hutakasika? Kibiti ni nchi ya mikorosho, na mikorosho hupuliziwa dawa dhidi ya ubwiriunga. Siku hizi dumu la plastiki limeshika nafasi ya kibuyu. Lililobeba mafuta ya kula huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likafaa. Lililobeba dawa ya shambani halifai kabisa: sumu huweza kunywewa na plastiki yenyewe, na harufu kutoweka si ushahidi kwamba sumu imetoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chombo hicho kisuuzwe mara tatu na kutobolewa, kisitumike tena kwa chakula wala kinywaji. Hapa pua ya mgema, iliyomtumikia umri wake wote, haimfai kitu.

Mimi sinywi tembo, wala siandiki kulitetea. Lakini dumu halichagui mtu: leo hutiwa tembo la mlevi, kesho huchotewa maji ya mtoto. Lugha yetu imetupa kuosha, kusuuza, kusugua na kufukiza, na kila kitenzi kina chombo chake. Dumu lililobeba sumu, likishasuuzwa, limebakiwa na kitenzi kimoja tu, nacho ni kutoboa.