Mdudu wa Mchangani na Mdudu wa Kiooni

Kama umepata kucheza michezo ya simu, yamkini umeona viumbe vya ajabu vikipigana kiooni, ukadhani vimezuka katika ndoto ya mtu. Sivyo. Aghalabu asili yao i katika nyasi, magogo na mchanga.

Satoshi Tajiri wa Japani, mwanzilishi wa mchezo wa Pokémon, alipokuwa mtoto katika viunga vya Tokyo alipenda mno kukusanya wadudu. Mji ulipokua, mashamba na vidimbwi alimowatafuta vilifunikwa na majengo. Mchezo wake, uliotoka mwaka 1996, ulikusudiwa kuwapa watoto wa mjini furaha ile ile ya kutafuta, kukamata na kubadilishana viumbe. Humo Scyther ana mikono ya mundu kama vunjajungu, na Heracross, aliyeingia mwaka 1999, ana pembe ya dundu wa Kijapani.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Trapinch, aliyetokea mwaka 2002, kwa kuwa jamaa yake wa kweli ni jirani yetu hapa Mutomo. Mwanafunzi mmoja alinionyesha picha yake, akaniuliza, "Mwalimu, yuko kiumbe wa namna hii duniani?" Nilimwongoza hadi chini ya upenu wa darasa, penye mchanga mkavu usiofikiwa na mvua. Vishimo vilikuwako, mviringo juu na vyembamba chini, naye alivipita kila siku.

Kitukutuku, ndilo jina la mdudu huyo, huchimba kishimo kwa kurudi nyuma akizunguka, huku akirusha mchanga kwa kichwa. Kisha hujizika chini, akaacha taya tu. Sisimizi akiteleza ukingoni, hutupiwa mchanga mpaka aanguke. Ndipo kitukutuku humnyonya kwa taya zenye mfereji ndani. Wachoraji wamelichukua shimo na taya, wakageuza mengine. Taya za Trapinch husaga hata majabali, na mbawa huzipata kwa kushinda mapigano. Kitukutuku hapati mbawa kwa vita. Hujifumia kifukofuko cha hariri na mchanga, akatulia gizani, kisha akatoka na mbawa nyembamba mfano wa kereng'ende.

Kijana yule alichutama pale, asiseme neno, mpaka kengele ilipolia.

Siulaumu mchezo, kwani aliyeubuni alitazama kwanza, akabuni baadaye. Hofu yangu ni kwamba sisi twaweza kuanza na kuishia kwenye kioo. Mashamba ya Tajiri yalitwaliwa na majengo. Mchanga wetu ungali wazi, lakini kitu kisichotazamwa nacho hupotea, ingawa kipo. Na mdudu akitoweka, picha yake haitamrudisha.

Yawezekana kiumbe cha mchezo wa kesho kitachorwa na mtoto wa Ukambani. Hataweza kukichora asipojua kutazama. Basi uonapo vishimo vile chini ya upenu, usivikanyage. Chutama, ungoje sisimizi apite, kisha uandike ulichokiona kwa macho yako mwenyewe.